Gitaa Lililotolewa Motoni Molo

Jumanne, Busia. Mvua imenyesha tangu asubuhi na bado inanyesha ninapoandika haya.

Sijui nianzie wapi. Leo nimeogopa sana, na hofu yenyewe haijaisha. Watoto wamekula, wako chumbani kwao. Mimi nimekaa jikoni na simu yangu, naandika, kwa sababu nikinyamaza nitaanza kuwaza upya.

Nilikuwa nampimia mteja maharage dukani Opio wa Mwello aliponipigia. Mimi na Opio si ndugu. Tumefahamiana kwa sababu sote wawili tuna magitaa ya Mzee Owori, fundi wa Molo, ng'ambo Uganda. Sisi wenye magitaa yake hujuana. Tukikutana arusini au kanisani, kabla hata ya kuulizana habari za watoto, tunaulizana gitaa linaendeleaje.

"Nabwire," Opio akasema, "karakana ya Mzee imeungua jana."

"Na Mzee mwenyewe?"

"Yeye iko hospitali, hapa Tororo. Watu nasema aliingia ndani ya moto."

Nilifunga duka mteja akiwa bado ananiangalia.

Gitaa langu lilikuwa kwenye ile karakana. Nilikuwa nimelipeleka mvua zilipoanza, kwa sababu kile kibao cha tumboni kinachoshika nyuzi kilikuwa kimeanza kubanduka. Ningeweza kumpa fundi wa hapa Busia akipige gundi ya dukani. Sikuthubutu. Gitaa la Owori hurudi kwa Owori.

Baba alilinunua nikiwa bado shule ya msingi. Ni la mvule, rangi yake kama chai ya strungi isiyotiwa maziwa, na sauti yake ni nzito kidogo, kama ya mtu mwenye mafua. Baba alikuwa akisimulia jinsi Mzee alivyokataa kumkabidhi. Kila akienda kulichukua, Mzee analipiga, anatikisa kichwa, anachukua randa tena. "Bado halijasema," anamwambia. Baba alipofariki tuligawana ng'ombe na shamba, kelele zikawa nyingi, lakini hakuna aliyethubutu kulitaja gitaa. Walijua ni langu. Mwanangu wa kwanza alipokuwa mchanga alikataa kulala isipokuwa nikiupiga ule uzi mnene, huo mmoja tu, polepole, mpaka kidole kinakufa ganzi.

Haya yote yalikuwa yananipita kichwani juu ya pikipiki, nimejifunika karatasi ya nailoni, maji yananiingia shingoni. Pale mpakani nilisimama kwenye foleni nikiwa nimesahau jina la mahali ninapokwenda. Ofisa aliniuliza mara mbili.

Nilijaribu kumwombea Mzee. Sala ikawa inateleza, inakwenda kwa gitaa. Naikamata, nairudisha kwa Mzee, inateleza tena. Mungu ameona.

Mama Athieno, mke wa Mzee, alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya wodi. Nguo zake zilinuka moshi. Aliponiona hakuinuka.

"Umekuja kuangalia gitaa," akasema.

"Nimekuja kumwona Mzee, mama."

"Gundi ilikuwa kwa sigiri ya makaa, upepo ikapeleka moto kwa takataka ya randa. Sisi wote tulitoka. Halafu yeye nageuka. Mimi nikashika shati, nikamwambia, Owori, acha, hiyo ni mbao. Yeye nasema, hapana, hii ni ya mtu. Magitaa yake mwenyewe, ile alikuwa natengeneza mwaka mzima, imeungua yote. Yako ndiyo alitoa." Akautazama mlango wa wodi. "Sasa ngoja uone mkono yake."

Kwa mara ya kwanza maishani nilitamani gitaa langu lingekuwa limeungua.

Muuguzi akatokea mlangoni, akasema wanabadilisha bandeji. Nikarudi nyuma ili niwapishe. Mama Athieno akanishika kiwiko, kwa nguvu.

"Hapana. Wewe pia utaona."

Mzee Owori alikuwa ameketi kitandani, mgongo kwenye mto, mikono yote miwili imefungwa mpaka viwiko. Binti yake, Athieno, alikuwa amesimama dirishani. Athieno ni fundi pia, mwanamke mwenye familia yake, anatengeneza milango na vitanda pale pale Molo. Alinipa salamu kwa kichwa tu.

Bandeji ya kushoto ilitoka kwanza. Ngozi ilikuwa nyekundu, imechunika, lakini vidole vilikunja na kukunjua. Ya kulia ilichukua muda mrefu. Nilikuwa naangalia sakafu, nikainua macho muuguzi alipomaliza. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimevimba na kukakamaa. Muuguzi alimwambia avikunje. Mzee akakaza uso, jasho likamtoka. Havikwenda popote.

Daktari alisema wasubiri. Vinaweza kurudi, vinaweza visirudi. Alisema kwa upole, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Mzee aliugeuza ule mkono, akautazama juu na chini, namna fundi anavyotazama ubao kabla hajaununua. Kisha akaniona.

"Binti ya Wandera. Umeipiga?"

"Bado, Mzee. Pole sana, Mzee."

"Mama, mpe."

Mama Athieno alilitoa chini ya kitanda, limefungwa kwenye kitenge chenye majivu. Nikalifungua magotini. Upande mmoja vanishi ilikuwa imevimba malengelenge. Ubao wa nyuma ulikuwa umeachia gundi kuanzia chini mpaka kiunoni, ukiacha mwanya ambao mkono unapita. Nyuzi zimelegea zote. Lakini lilikuwa lenyewe. Nililishika jinsi mtu anavyomshika mtoto aliyepotea sokoni na kupatikana, na nikaona aibu kulishika hivyo mbele ya ile mikono.

"Sikiliza," Mzee akasema. "Formu zangu, ile mbao ya kupimia gitaa, imeungua yote. Umbo ya nje, naweza kuchora kwa gitaa ya Opio. Ya ndani hakuna mtu anaona. Ile miti ndogo ndani inashika ubao, ndiyo inafanya isema. Sijawahi kuandika. Iko kwa vidole." Akaiinua mikono kidogo, akaishusha. "Nataka Athieno afungue yako, hiyo imeanza kuachia, mgongo yote itoke. Achukue vipimo ya ndani. Atengeneze formu mpya."

"Halafu atalifunga tena?"

"Atajaribu. Hiyo mbao imeona moto, binti yangu. Ikifunguliwa inaweza kupasuka, na ikipasuka hakuna kurudi. Siwezi kukudanganya."

Athieno akasema kutoka dirishani, taratibu, "Mimi natengeneza milango, baba. Mlango haina sauti."

Nikamwangalia. Alikuwa anaogopa kuliko mimi.

Ningependa kuandika hapa kwamba nilikubali mara moja. Haikuwa hivyo. Nilifikiria magitaa mengine, la Opio, la mwalimu wa kwaya kule Nabuyoga, ambayo ni mazima na hakuna atakayeyafungua. Nilifikiria kusema niulize nyumbani kwanza. Nilimwona baba akilini akitoka Molo mikono mitupu kwa mara nyingine tena, akicheka.

Aliyeniokoa ni Mama Athieno.

"Usitoe kwa sababu ya mkono yake," akasema. Hakuwa na hasira tena, alikuwa amechoka tu. "Mkono, ni yeye aliamua. Kama wewe unataka, toa. Kama hutaki, beba gitaa yako uende, mimi sitakusema."

Nikamkabidhi Athieno gitaa.

Mzee hakungoja. Alimwambia akae kitandani, alilaze gitaa kifudifudi mapajani, aingize mkono kwenye ule mwanya. Athieno akaingiza mpaka juu ya kifundo. Ubao ukalia, kaa! Nilifumba macho.

"Taratibu. Umefika wapi?"

"Kuna miti mbili. Zimekutana katikati."

"Hazijakutana. Tafuta tena."

Niliposikia Athieno akivuta pumzi nilidhani ubao umepasuka. Nikafumbua macho. Alikuwa anatabasamu, kichwa kimeinama kando kama mtu anayesikiliza nyuma ya ukuta.

"Kuna nafasi. Kidogo tu. Kidole haipiti, kucha tu inapita."

"Eeeh!" Mzee akasema, na machozi yakamtoka. "Hapo. Hiyo hapo. Hiyo shika."

Mama Athieno alichukua ncha ya leso yake akampangusa uso, kwa sababu mwenyewe asingeweza.

Sikukaa tena sana. Opio alikuja na uji kwenye chupa, akalitazama gitaa langu mikononi mwa Athieno, akanitazama, akaelewa. Tulisimama pamoja kibarazani mpaka mvua ikapungua kidogo, nikapata pikipiki ya kurudi.

Sasa niko hapa. Nikisema ukweli, sijutii, lakini sina amani pia. Kila nikiusikia mlio wa ubao ule kichwani, naruka. Huenda sitaliona tena gitaa langu likiwa zima. Huenda vidole vya Mzee visirudi, na gitaa lipasuke, na formu zisipatikane, vyote vitatu pamoja. Nani anaweza kuniahidi?

Alhamisi Athieno ataanza kazi, mchana, nyumbani kwao, na kisu kilichopashwa moto. Mzee ameomba madaktari wamruhusu atoke hata kwa saa chache, na wakikataa ataelekeza kwa simu. Athieno ameniomba niwepo nilishike gitaa tumboni lisicheze anapokata gundi. Anasema hataki kushikiwa na mtu asiyelipenda.

Nimemwambia nitakuja. Naogopa sana, na nitakwenda.