Baba Nyuma ya Tangi

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla ya Jumamosi, maana maji yamenifika shingoni na hapa nyumbani hakuna ninayeweza kumwambia haya bila kuambiwa ninyamaze. Mimi ni fundi cherehani, nashonea sebuleni ili niwe karibu na mama yangu mzazi ambaye alipatwa na kiharusi miezi minane iliyopita, na wiki ileile, mama akiwa amelazwa, kaka yangu, mwanawe wa pekee wa kiume, dereva wa lori, akafa ajalini. Daktari alikuwa ametuambia tusimshtue mgonjwa, na mama mdogo akasema tukimwambia tutazika wawili, basi kikao cha ukoo kikakata shauri kwamba kaka azikwe na mama aambiwe akipata nafuu.

Nafuu ameipata. Anatembea kwa mkongojo, anakula mwenyewe kwa mkono wa kushoto, anananga mishono yangu ikipinda, lakini kila nilipotaka kusema neno nilimtazama usoni nikarudi kwenye cherehani, naye alikuwa akiuliza kila siku mbona kaka hapigi simu, mpaka nikamwomba mume wangu, ambaye ni fundi bomba na tangu ujana ana kipaji cha kuiga watu, apige yeye. Ndivyo tulivyoanza. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana mume wangu huenda nyuma ya tangi la maji, anaweka leso mdomoni, anapiga, na mimi namshikia mama simu sikioni kwa sababu mkono wake wa kulia, aliozoea kushikia simu, hauna nguvu, na sauti inasema, "Hujambo bosi wangu? Niko njiani na mzigo, barabara mbaya," maana kaka alizoea kumwita bosi. Mara ya kwanza mama alilia sana, nikajua ni furaha. Siku hizi hata haulizi atakuja lini, anamwambia tu ale vizuri na asijichoshe, kisha simu ikikatika anamtuma mjukuu wake ampelekee baba yake maji ya kunywa. Mama yangu ana huruma hivyo, hata kwa mkwewe.

Sasa huyo mjukuu ndiye aliyeniletea kiama. Ana miaka saba, tunamwita Karani kwa sababu hakuna asilolinakili kichwani mwake. Nikiwa napiga vifungo humsimulia hadithi, nataka akue akijua jema na baya, na anayoipenda kuliko zote ni ya fisi aliyeiga sauti ya mama mbuzi ili watoto wamfungulie mlango awale. Jumamosi iliyopita alipeleka maji kabla hajatumwa, simu haijakatika, akamkuta baba yake na leso mdomoni. Akarudi na kikombe kikiwa kimejaa vilevile, akasimama mbele ya cherehani, akaniuliza, "Mama, kumbe baba ni fisi?" Nikamwambia aache upuuzi. Akasema, "Sasa bibi ataliwa lini?"

Nikamzaba kofi. Sijawahi kumpiga mtoto yule, na kofi lile linaniuma mimi mpaka leo kwa sababu hakulia, alinitazama tu kama mteja aliyeharibiwa nguo. Tangu siku hiyo hali meza moja na baba yake, na amenitangazia kwamba Jumamosi hii atamwambia bibi asifungue mlango.

Mume wangu naye amechoka. Anasema siku hiyohiyo mama alimwambia kwenye simu, "Nimekusamehe, mwanangu," naye akakata simu. "Mimi huziba mabomba, mke wangu," aliniambia. "Hili limenishinda."

Nimefikiria kumpeleka Karani kwa mama mdogo mpaka mambo yatulie. Je, nitakuwa nimekosea? Na nikisema ukweli mama akaanguka, nitaishi vipi na nafsi yangu?

Mimi, mwenye kofi zito

MSHAURI ANAJIBU

Mwenye kofi zito, pole kwa msiba. Nina hakika hujapewa pole ya kutosha, maana miezi minane imepita, kila wiki unamfufua kaka yako, na hujapata siku ya kumlilia. Nimeisoma barua yako mara ya kwanza kwa huruma na mara ya pili nikiwa nimekunja uso, na uso huo ndio unaokujibu.

Unataka kumfungia mtoto virago? Umemfundisha mwenyewe kumtambua mwenye sauti ya kuazima, amemtambua, na tuzo yake ni kofi na kuhamishwa. Karani habanduki hapo. Mwombe radhi leo, kabla hujatia uzi kwenye sindano. Mwambie kwamba aliona sawasawa. Mwambie fisi alitaka kula na baba yake alitaka kuponya, ila uongo ni uongo na huu sasa unakwisha. Kisha mweleze kwamba habari hii ni yako kuisema, si yake, kwa sababu ni nzito mno kwa mtoto wa miaka saba.

Na wewe, acha kujificha nyuma ya daktari. Alisema msimshtue mgonjwa wa wiki ile, hakusema mwanawe asililiwe. Mficha maradhi, kilio humfichua, lakini ninyi mmekificha hata kilio chenyewe.

Sasa rudi kwenye barua yako. Simu ikikatika, mama anatuma maji yapelekwe kwa baba wa mtoto. Kwa nini kwake, binti yangu? Aliyekuwa akizungumza si mwanawe aliye barabarani? Nani amemwambia kwamba koo lililokauka ni la mkwewe? Na mbona ameacha kuuliza mwanawe atakuja lini? Mzazi anayengoja haachi kuuliza. Siwezi kuapa, mama yako simjui, lakini naona mama aliyeitambua sauti siku ya kwanza, akalia kilio ulichokiita furaha, kisha akanyamaza ili ninyi msivunjike. Ule msamaha nao, nadhani ulikuwa wa huyo aliyeshika simu. Unadhani unamuuguza, kumbe huenda yeye ndiye anayekuuguza wewe.

Kesho nenda kwa daktari wake, mweleze yote, usimfiche hata lile tangi, na umuulize namna salama ya kumwambia. Akikuruhusu, usingoje Jumamosi. Iwe asubuhi, mama akiwa amekula na kumeza dawa zake, mume wako na mama mdogo wakiwepo. Weka chini kitambaa unachoshona, keti upande wa mkono wake wa kushoto, ule unaoweza kukushika. Sema, "Mama, kaka alikufa." Usiseme amesafiri, usiseme hatunaye. Taja siku, taja alipozikwa, kisha nyamaza. Akikukaripia, pokea. Akisema alijua, usimhoji alijuaje, mwombe msamaha tu. Akitaka kwenda kaburini, mpelekeni, hata kama ni kwa kumbeba.

Jumamosi baada ya chakula, simu isilie. Mume wako aketi sebuleni na sauti yake mwenyewe, na Karani alete maji, safari hii ampe bibi kwanza.