Kitambaa Kilikuwa Kifupi

Shangazi mpendwa wa gazetini, shikamoo. Naomba msaada, ingawa mimi si mtu wa kuomba ovyo, maana mtaani hapa kila bango unaloliona limepita mkononi mwangu, shule niliiachia njiani lakini herufi zangu zinasomwa hata na walioimaliza. Sasa Jumamosi kuna mdahalo ukumbini juu ya utoaji mimba, wanaopinga wamenipa bango na wanaotetea wamenipa bango, wote wakasema maneno tunga wewe, yaonekane toka mbali, na vitambaa walivyoleta ni vifupi kama subira yao, basi nikapima kwa rula, wa kwanza nikawaandikia WANAOTOA MIMBA NI WAUAJI, wa pili NI DONGE LA DAMU TU, yakaenea kama suti ya kushonesha, nikajipongeza mwenyewe.

Dada yangu ndiye hunishikia pembe ya kitambaa tangu tukiwa wadogo. Alisoma la kwanza, akaachia pembe, rangi ikamwagika. Nikamtania kwamba leo hajala. Akasema polepole, "Mdogo wangu, mmoja wa hao ni mimi." Nikakimbilia kumwonyesha la pili, nikidhani hilo litampoza. Akalitazama kwa muda mrefu zaidi.

"Mimi nilikuwa namwita mgeni," akasema, akaingia ndani.

Tangu hapo ananipakulia chakula bila kunitazama, na mimi mwenye mdomo kuliko mtaa mzima nakula nikitazama sahani. Bosi wangu anasema fundi haandiki moyo wake, anaandika alichoagizwa. Lakini maneno haya sikuagizwa, nilichagua mwenyewe. Nifanyeje?

*

Marahaba. Nitakuita Brashi, jina ulilotia mwishoni nimelifuta, maana mwenye siri ya dada yake hajitangazi gazetini. Kichwa maji wewe. Umepima maneno ya kumwita binadamu kama unapima mbao za kitanda.

Sikuulizi uko upande gani, hiyo ni dhamiri yako, na wateja wako wote wana haki ya kusema wanachoamini. Lakini umewamalizia mdahalo kabla hawajakaa. Neno la kwanza limeshahukumu, la pili limeshafuta, na dada yako amekosa pa kusimama. Pole, hukujua. Sasa unajua, kwa hiyo huna kisingizio.

Siri yake usiitoe hata ubanwe vipi, hakukupa uende kuombea huruma. Waite wateja, kila mmoja asome bango lake kwa sauti kana kwamba binti yake yuko mbele yake na ndiye aliyetoa. Litakalomkwama kooni, futa. Na maneno ya haki yasipoenea, bwana mdogo, unga kitambaa kingine. Kabla ya hayo yote nenda kwa dada yako ukaombe samahani bila utani hata mmoja. Najua itakuuma.

*

Shangazi, ni mimi tena, na safari hii sijigambi, naripoti tu. Samahani niliiomba kwanza, bila utani, na iliniuma kweli. Kiongozi wa wanaopinga, mama mwenye sauti ya king'ora, alifika kwenye WAUAJI akaanza kukohoa. Wa wanaotetea, kijana wa miwani, alisema donge, akakaa chini. Sasa mabango yangu ni marefu hadi yanagusa kuta mbili za ukumbi. Moja: TUNAOMBA MIMBA ZISITOLEWE, ALIYETOA NI NDUGU YETU. La pili: MWENYE MIMBA AAMUE, AKILIA TULIE NAYE. Jumamosi walibishana mpaka sauti zikakauka, hakuna aliyehama upande, lakini hakuna aliyetoka kainamisha kichwa pia, na watu wakauliza nani kaandika, nikasimama juu ya kiti wanione vizuri.

Na nilipokuwa naandika, unajua nani alishika pembe? Dada. Kasoma mabango, kasoma na barua zetu, kasema mwambie Shangazi azichapishe zote. Halafu akanicheka: "Herufi zako za mwisho zimepinda."

Zimepinda kweli, Shangazi. Nilikuwa namtazama yeye.