Saa Saba za Ndege

Baba,

Shikamoo. Nimeandika kwa mazoea tu, najua marahaba haitakuja.

Nimesharudi Bombay, kwenye masomo. Ndege imetumia saa saba, kama ile iliyonileta kwako. Unakumbuka ulivyozishika hizo saa saba? Nilikuandikia kwamba kutoka Bombay hadi Dar es Salaam ni bahari tupu, maili karibu elfu tatu, na ndege inazimaliza kwa saa saba. Ukaizungusha barua yangu Chanika nzima. "Mwanangu yuko karibu kuliko Korogwe," ukawaambia watu, maana Korogwe wewe ulikwenda kwa miguu, siku mbili. Laiti nisingekuandikia.

Simu ya maandishi kwamba umezidiwa ilinifikia Jumatano. Nikajibu kwamba nakuja. Alhamisi nilikuwa Dar, na Ijumaa lori likanishusha Chanika. Sikumuuliza mtu njia. Nani huuliza njia ya kwao?

Nyumba haikuwa na paa wala mlango. Habari za watu kuhamishiwa vijiji vipya nilizisoma magazetini, ila sikujua kwamba zamu yetu ilikuwa imefika. Nikakimbilia makaburini, pale alipolala Babu. Sikuona udongo mpya. Nikasema alhamdulillahi, Baba yu hai. Nikakaa kwenye kizingiti chako, nikachuma papai nikala, nikingoja apite mtu wa kuniambia mlikohamia.

Alipita Mmasai na ng'ombe wake. Akasema mko kule barabarani, mwendo wa saa moja.

Wakati nakula papai, Baba, wewe ulikuwa umeshavishwa sanda. Baba Mdogo aliwazuia watu tangu swala ya Ijumaa hadi alasiri, kwa sababu ulimwagiza: "Mngojeni, ni saa saba tu." Watu walinung'unika, na walikuwa na haki. Nilipofika walikuwa wanakung'uta udongo mikononi. Baba Mdogo hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Nina hasira. Nina hasira na waliokuhamisha mzee mgonjwa juu ya lori. Nina hasira na wewe, uliyeziamini hesabu zangu. Lile papai ndilo silisamehe kabisa. Wanasema kijiji kitapata bomba na zahanati. Labda. Wewe umepata kaburi kwenye ardhi ambayo hukuilima hata msimu mmoja, mbali na baba yako.

Jana mlinzi wa bweni alinipa barua yako, ile uliyomwomba mwalimu akuandikie. Imetumia wiki tano njiani. "Tumehamia kando ya barabara. Ukija usipite njia ya zamani, huko hakuna mtu."

Nimeisoma mara nyingi. Naisoma hata sasa.

Kwaheri, Baba. Mungu akupumzishe. Nikimaliza masomo nitakuja, na kutoka Korogwe nitatembea kwa miguu, zile siku zako mbili, mpaka kaburini. Na sitamwambia tena mtu yeyote kwamba Bombay ni karibu.

Mwanao,
Athumani