Fomu Hiyo Sitaiweka Kidole

Mwanangu Githinji,

Mama yako anakusalimu kutoka Timau. Baridi ya huku inauma masikio, lakini nakula na nalala. Wewe je? Kifua kimepoa? Na mgongo wa mama Wambui? Kama mko wazima, kaa chini, maana leo sikubembelezi.

Dada yako Nyambura, ninayekaa kwake, ndiye ameshika kalamu. Nimemwambia asipunguze neno.

Fomu uliyotuma imefika, amenisomea mara mbili. Ati kwa sababu shamba ni langu, niweke kidole kwamba hakuna mti wa asili uliokatwa kando ya mto tangu mjiunge na mpango wa ile alama ya kwenye pakiti za majani chai. Mimi sikusoma, lakini macho niko nayo. Nilipokuja Krismasi nilishuka mtoni nikakuta jua tupu. Mikoigo yote, ile miti ya asili ya kivuli, visiki. Ukaniambia, "Mama, ni upepo uliangusha." Upepo wa siku hizi unabeba msumeno? Na ukimaliza unapanda chai kwa mistari?

Nani alikulazimisha kuingia kwa huo mpango? Si serikali, si chifu. Uliinua mkono mwenyewe kwenye mkutano wa kiwanda, ukasema mtalinda mto na msitu ili chai yenu ipate wanunuzi wa maana. Jirani yetu Mama Kezia aliinua pia. Alikuwa anataka kufyeka mpaka ndani ya msitu, akaacha, kwa sababu kiwanda kilisema majani ya mahali palipofyekwa hayatapokelewa. Ni hilo neno tu lilimzuia. Sasa nikidanganya kwa kidole changu, yeye anavumilia kwa nini? Kesho atafyeka, halafu wa kando yake, na huo mto utabaki njia ya mbuzi.

Ulimwambia Nyambura kwa simu, "Mkaguzi wa mpango hatafika mtoni, ako na viatu vya Nyeri mjini." Ukacheka. Mimi sikucheka.

Ng'oa hiyo chai. Panda mikoigo. Mkaguzi akija, mpe gambuti zako za matope, mshuke naye, umwonyeshe visiki wewe mwenyewe. Wakikupa muda wa kurekebisha, vizuri. Wakikutoa, utoke kama mtu. Nitakuja tuchimbe mashimo pamoja. Magoti yakikataa, nitachimba nikiwa nimekaa.

Sweta yako nimemaliza kuifuma. Mikono ni mirefu, kwa sababu wewe ni mrefu kama marehemu baba yako, aliyeikuta hiyo miti na akaiacha.

Salimia mama Wambui, mkaza mwanangu ninayempenda kukushinda leo. Wambui mwambie mimi shosho wake namwekea njegere. Mama Kezia pia msalimie, na umwangalie machoni.

Fomu iko ndani ya sweta, tupu. Kidole nimekiweka hapa chini ya barua. Mkaguzi akiuliza neno la mwenye shamba, mpe hii asome.

Ni mimi mama yako,
Shosho wa Wambui