Sanduku la Imeli Lililotungoja

Mujukuu wangu Amisi, bwana yangu mudogo,

Salamu toka kwetu Mangobo. Tonton yako, baba yako mudogo, amerudi toka Ubundu na samaki wengi, na goti langu linanitii tena, Mungu asifiwe.

Unauliza imeli ipi ya bure mutu anaweza kuitegemea. Alors, sikia. Wakati wa vita baba yako alikwama Kinshasa. Mama yako alikuwa na mimba yako, hawezi kutembea mpaka mjini, basi nikaenda mimi niliyezoea mashine ya kuandika. Kwenye cyber nikafungua masanduku mawili, kwa kampuni mbili, nikamutumia baba yako anwani zote. Moja lilikuwa na rangi na maua. Lingine lilikuwa kavu kama fomu ya ofisi. Mimi nilipenda lile la maua.

Kisha mapigano yakarudi, cyber ikafungwa miezi miwili. Niliporudi, lile la maua lilikuwa limefutwa, eti sikuingia mwezi mzima. Katika lile kavu nikakuta barua tatu. Ya mwisho ilisema: "Mama, niambie tu kama amezaa."

Kwa hiyo fungua mawili, uyaache kwanza, halafu urudi uone ni lipi limekungoja.

Mimi siku ile nilijibu ukiwa umelala mgongoni mwangu: "Ni kijana. Iko na masikio yako."

Mutu aliyetunza barua zile bure simujui mpaka leo. Kila nikiangalia picha yako, masikio yale, namushukuru.

Koko yako