Mama mukwe anafagia mbele ya musalani

Siku ya ine tangu tutoke hospitali. Mvua ilinyesha asubuhi, sasa jua iko, ziwa limetulia na milima ya ng'ambo inaonekana vizuri.

Na moyo wangu umetulia. Kwangu mimi hiyo ni habari.

Nyinyi wenye kusoma hapa munajua nilipasuliwa. Niliandika tu "tumbo". Haikuwa uongo, lakini haikuwa yote. Tangu nilizaa mutoto wa mwisho, kila nikienda musalani utumbo wa nyuma ulikuwa unashuka na kutoka nje. Nilikuwa naurudisha na mukono, nafunga kitambaa, kisha nabeba mihogo yangu kutoka shamba la juu ya Songo, muzigo mugongoni, mukanda wake kwenye paji la uso, kama wamama wengine. Kanisani nilikuwa nakaa karibu na mulango. Watu walifikiri napenda hewa.

Dokta alifungua tumbo, akavuta utumbo juu, akaushona kwenye mufupa wa mugongo. Akasema mizigo hapana kwanza, kujikaza musalani hapana, ninywe maji mingi, nikule mboga na matunda, na dawa ya kulainisha choo.

Shida ikawa garde-malade. Huku kwetu mugonjwa halali hospitali peke yake, lazima mutu wa jamaa amupikie, amuogeshe, alale chini kando ya kitanda. Mama yangu alikufa. Baba Furaha, bwana yangu, hawezi kulala mu chumba cha wanawake. Basi mama yake akatoka Makobola na sufuria yake kichwani.

Mama mukwe! Mutu ambaye mpaka wakati ule sikuwa nimekula nikashiba mbele yake. Ningemwambia nini? Nikasema ni tumbo. Naye hakuuliza.

Akawa anapika bugali na ndagala, zile samaki ndogo za ziwa, mimi namega kidogo nasema nimeshiba. Njaa nilikuwa nayo. Niliogopa. Niliwaza: nisipokula sitaenda musalani, nisipoenda uzi wa dokta hautakatika. Hata maji nilikuwa naonja tu. Tukarudi nyumbani, nikaendelea vile vile, mpaka tumbo likawa gumu kama jiwe.

Jana akaniletea sombe ya majani ya mihogo, papai na maji, akakaa mbele yangu. Alisema polepole, macho kwenye papai, hakuniangalia:

"Mama Furaha, enfirmiye mwenye kukufunga kidonda aliniambia yote siku ya kwanza. Weye unanionea haya, minye nakuonea haya. Sasa uzi wa dokta ukatike juu ya haya zetu?"

Nilitaka kuingia chini ya mukeka.

"Kula. Bwana yako mwenyewe alitokea karibu na pale pale, na siku ile hakuna mutu aliona haya."

Nilicheka mpaka nikashika mushono na mikono miwili. Nikakula yote. Nikakunywa maji, na dawa pia.

Leo asubuhi saa ikafika. Nikaingia musalani. Mama mukwe akachukua fagio akaanza kufagia mbele ya musalani, na mvua ilikuwa imetoka kunyesha, hapakuwa na kitu cha kufagia ila matope. Nilikuwa namusikia, swa, swa, pahali pamoja tu. Sikujikaza. Nilingoja, kama dokta alivyosema. Kisha nikapeleka mukono nyuma kuangalia, kama siku zote.

Hakuna kitu.

Fagio ikasimama.

"Imekaa?"

"Imekaa, mama."

Fagio ikaanza tena, haraka haraka, na wimbo wa kanisa juu yake.

Sasa niko kwenye mulango nakula papai, na Mungu anajua vile niko na furaha. Lakini iko jambo moja. Wakati wa kuosha sahani, mama mukwe aliniuliza kama yule dokta anapasua wazee pia. Nikamwambia nafikiri ndiyo. Akaiosha tena sahani aliyokuwa amemaliza.

Nimekumbuka kanisa lao la Makobola. Yeye pia anakaa karibu na mulango.

Kesho nitakata papai ingine. Nitakaa mbele yake, nitaangalia papai, na nitamuuliza.