Mruko wa Kati

Hartford, 9 Januari 2018

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, ila usingizi umenikimbia tangu barua yako ifike. Goti la kushoto linasemaje na baridi hii ya Vermont?

Nimeisoma mara tatu nikidhani nimekosea. Una miaka sitini na miwili. Ulistaafu kuendesha basi la shule mwezi Juni ili upumzike. Kuteleza kwenye theluji kwa skii umeteleza tangu utoto, sina neno. Lakini uwanja wa miruko, Mama? Pale vijana wanaporuka hewani na kuteleza juu ya mabomba ya chuma? Kazi yangu hapa kwenye bima unaijua: napanga faili za walioumia. Tangu Desemba mezani kwangu pana viuno, pana vifundo vya mikono, pana meno.

Kama huwezi kuacha, niahidi jambo moja tu: kila ukikaribia kuruka, punguza mwendo.

Mwanao mwenye wasiwasi,
Odile

Nyumbani, 20 Januari 2018

Odile mwanangu,

Marahaba. Goti linalalamika kama wewe, na halisikilizwi vilevile. Unakula lakini?

Anayenifundisha ni Corinne, yule niliyempeleka shule miaka kumi na miwili. Jana nilipanda kwenye kisanduku cha kutelezea, nikashuka kwa matako. Uwanja mzima ukapiga kelele: "Bi Dereva! Kaa chini mpaka basi lisimame!" Maneno yangu mwenyewe hayo! Nikawaambia, "Chekeni tu. Corinne, kamasi zako nilizifuta mimi."

Sijui nikueleze vipi. Tangu Juni nazunguka nyumbani nikiosha vikombe visafi. Kule juu, kabla ya kuruka, siwazi kitu kingine. Nautaka mruko wa kati, lile tuta la theluji la kurukia, mara moja tu, kabla hawajaubomoa mwezi Machi.

Haya, nimekuahidi.

Mama

Hartford, 11 Februari 2018

Mama,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu bila jibu. Simu unaiacha iite. Kila faili mpya ikiletwa natazama jina kwanza, halafu ndipo napumua. Niandikie hata mstari mmoja.

Mwanao,
Odile

Nyumbani, 19 Februari 2018

Odile,

Marahaba. Mwandiko usikutishe, natumia mkono wa kushoto. Mtulinga wa kulia, mfupa huu wa begani, umevunjika. Simu sikuishika kwa sababu sauti ingenisaliti.

Corinne alikuwa amenipimia: nianzie kwenye nguzo ya tatu, nisiupunguze mwendo. Nilikuja vizuri. Karibu na ukingo nikakumbuka nilichokuahidi, nikapunguza. Mruko una nundu katikati, mwanangu. Ukija na kasi unaivuka na kutua kwenye mteremko, laini tu. Ukija polepole unaiangukia nundu yenyewe. Niliiangukia.

Sikulaumu. Lakini usiniombe ahadi nyingine.

Mama

Hartford, 26 Februari 2018

Mama yangu,

Shikamoo, na pole. Pole haitoshi, najua.

Leo saa ya chakula nimefungua faili zote za miruko. Ziko ishirini na tatu. Kumi na nne zinasema jambo lilelile: alipunguza mwendo karibu na ukingo. Nimezipanga kwa tarehe kwa mikono hii. Sikuwahi kuzisoma.

Nisamehe.

Odile wako

Nyumbani, 8 Januari 2019

Odile mwanangu,

Hujambo? Mtulinga umeunga, ila unajua mapema kuliko redio kwamba theluji inakuja.

Mruko wa kati wameujenga upya, mrefu zaidi. Anayetoka juu haoni anakotua, kwa hiyo lazima mtu asimame kando ya nundu na ainue mikono njia ikiwa safi. Corinne yuko tayari kusimama. Nimemwambia asubiri kwanza.

Njoo Jumamosi ya tarehe kumi na tisa. Kuna supu ya njegere.

Mama

Hartford, 21 Januari 2019

Mama,

Shikamoo. Nimefika salama, ila miguu haitulii chini ya meza.

Kuna jambo sikulisema tulipokuwa tunakunywa supu. Nikiwa nimesimama kando ya nundu, uliita kutoka juu, "Odile, vipi huko?" ukangoja. Corinne naye akanipigia kelele, "We dada, mama yako ataganda!" Ulidhani kuna mtu ameanguka chini. Hapakuwa na mtu. Njia ilikuwa safi tangu mwanzo. Nilikuwa nautazama mteremko mtupu na mikono haikuinuka. Nilijua nikiiacha chini utashuka kwa pembeni bila kuniuliza sababu, kwa sababu unaniamini, na siku itaisha. Nilitaka iishe hivyo, Mama.

Kisha nikainua mikono. Nilisikia skii zikikwaruza barafu, na ule mkwaruzo haukupungua hata kidogo. Wewe ukapita juu, kando yangu, mkubwa kuliko ninavyokujua. Nikataka kufumba macho, lakini aliyesimama pale haruhusiwi. Ukatua, ukayumba, ukanyooka, ukaenda zako.

Jioni uliwaambia wote kwamba mwanao ni mwangalifu, ndiyo maana alichelewa. Haukuwa uangalifu. Nimeona afadhali ulijue kabla hujaniita tena nisimame pale.

Mwanao,
Odile